Jinsi ya Kuchagua Amplifaya ya Spika za Monita kwa Studio ya Nyumbani

Ukianza kutafuta amplifaya ya kusukuma spika za monita, namba ya kwanza utakayoonyeshwa ni ya wati. Muuzaji huitaja kabla ya bei, boksi limeiandika kwa herufi kubwa, na wanunuzi wengi hulinganisha hiyo tu. Lakini kwa mtu anayekaa mita moja mbele ya spika zake, wati huacha haraka kuwa tatizo. Kinachokuja kumkera miezi na miezi ni amplifaya yenyewe kupiga kelele ya chinichini, feni kuvuma wakati anasikiliza mkia wa mwangwi wa sauti ya mwimbaji, au chaneli ya kushoto kuwa juu kidogo kuliko ya kulia. Kwa hiyo tutaimaliza hesabu ya wati mapema, kisha tukae zaidi kwenye ukimya.

Kwanza: je, unahitaji amplifaya?

Geuza spika utazame mgongoni. Kama kuna tundu la waya wa umeme, nobu ya volyumu na tundu la XLR au jeki, hiyo ni spika aktivu: amplifaya imo ndani tayari. Usiiunganishe na amplifaya nyingine. Volti zinazotoka kwenye amplifaya ni nyingi mno kwa tundu lililotengenezwa kupokea ishara ndogo ya kadi ya sauti (kifaa kinachotoa sauti ya kompyuta), na utaiunguza. Kama mgongoni kuna vishikizo viwili tu, chekundu na cheusi, hiyo ni spika pasivu, na mwongozo huu ni wako.

Kama bado hujanunua spika kabisa, ushauri wangu ni mfupi: chukua aktivu. Mtengenezaji amekwisha kulinganisha amplifaya na wufa (kipaza cha besi) na twita (kipaza cha sauti za juu) zake, na kazi imepungua. Njia ya pasivu ina maana pale ambapo spika unazo tayari, umepata za zamani zilizo nzuri, au unapenda vifaa vinavyotengenezeka, ambapo amplifaya ikifa unaibadilisha bila kugusa spika. Yamaha NS-10M ni mfano unaojulikana kuliko yote. Ilitoka mwaka 1978 kama spika ya kusikilizia muziki nyumbani, mafundi wa studio wakaiteka, na uzalishaji wake ukasimama mwaka 2001. Hadi leo bado jozi nyingi zinafanya kazi, na kila jozi inahitaji amplifaya.

Pili: soma kibao cha spika

Unatafuta mambo matatu, na yote huwa yameandikwa mgongoni au kwenye kijitabu: ohmu, unyeti na uwezo wa kubeba wati.

Ohmu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme wa amplifaya, huwa 8, 6 au 4. Hiyo ni namba ya wastani tu. Kwenye masafa fulani ya sauti spika ya ohmu 8 inaweza kushuka hadi 6 au chini yake. Hakikisha amplifaya imeandikwa kwamba inavumilia mzigo wa ohmu sawa na za spika yako au chache zaidi. Spika ya ohmu 4 kwenye amplifaya iliyoandikwa "ohmu 8 kwenda juu" inaweza kuipasha moto amplifaya hiyo mpaka ijizime, au iungue kama haina kinga.

Unyeti ndiyo namba ambayo watu huiruka, ilhali ndiyo inayoamua wati unazohitaji. Huandikwa kwa desibeli: kiasi cha sauti spika inachotoa ukiipa wati 1 na kuipima ukiwa mita 1. Monita nyingi za mezani ziko kati ya 84 na 90. Angalia neno moja hapo: wengine huandika "volti 2.83" badala ya "wati 1". Kwa spika ya ohmu 8 ni kitu kimoja. Kwa spika ya ohmu 4, volti 2.83 ni wati 2, kwa hiyo punguza desibeli 3 kabla ya kulinganisha.

Uwezo wa kubeba ni kikomo cha spika. Amplifaya haitumi wati zake zote kwa sababu tu inazo. Spika huvuta kulingana na volyumu uliyoweka. Namba hiyo inakuonyesha tu ni wapi hatari inaanza.

Tatu: hesabu ya wati

Kumiksi nyumbani hufanyika kwenye wastani wa desibeli 74 hadi 80 mahali unapokaa. Ukizidi hapo kwa saa nyingi unachosha masikio, na chumba kidogo huanza kuongeza besi zake chenyewe. Kwa kulinganisha, kikomo kinachopendekezwa na taasisi ya NIOSH ya Marekani kazini ni desibeli 85 kwa saa 8.

Muziki ambao haujabanwa una vilele vya ghafla, kama pigo la ngoma ya snea, vinavyoweza kufika desibeli 20 juu ya wastani. Amplifaya lazima ivibebe bila kuvikata. Basi chukua wastani wa 80, ongeza 20, unapata 100. Spika mbili zikipiga pamoja hukupa takriban desibeli 3 za bure, kwa hiyo kila moja inatakiwa kutoa 97. Kama unyeti wake ni 87 na umekaa mita 1, umepungukiwa na desibeli 10. Desibeli 10 ni wati mara kumi. Jibu ni wati 10 kwa kila spika.

Ndiyo, kumi.

Sasa tuikaze hesabu. Wewe ni mtu wa kelele, unataka wastani wa 83, na umekaa mita 1.5. Umbali huo unakula desibeli 3.5. Unatakiwa kufika 103, toa 3 za spika mbili, ongeza 3.5 za umbali: 103.5. Toa unyeti wa 87, unabaki na desibeli 16.5, ambazo ni kama wati 45. Amplifaya ya wati 50 hadi 100 kwa kila chaneli kwenye ohmu 8 inamtosha karibu kila mtu mwenye studio chumbani. Kama unyeti wa spika yako ni mdogo, tuseme 84, sogea kwenye 100. Na usivutwe na tofauti ya 100 na 200: kuzidisha wati mara mbili ni desibeli 3 tu, badiliko linalosikika lakini dogo.

Kuna anayekuambia kwamba amplifaya ndogo huua twita. Kinachoua twita ni joto. Amplifaya ikizidiwa huanza kukata vilele vya mawimbi, na wimbi lililokatwa kabisa hadi kuwa la mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini lenye kilele kilekile. Yaani amplifaya ya wati 50 iliyosukumwa kupita kiasi inaweza kutoa karibu 100, na sehemu ya nyongeza hiyo hupanda kwenye twita. Amplifaya kubwa nayo inaua twita vizuri tu ukiizembea. Ukisikia sauti inakwaruza, shusha volyumu.

Nne: ukimya

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu duka halitakusaidia na boksi litakudanganya.

Kila amplifaya ina kelele yake: mfoko wa "sss" kwenye twita, au mngurumo wa umeme kwenye wufa. Kwenye ukumbi hakuna anayeisikia. Kwako, sikio liko mita moja kutoka kwenye twita, usiku, chumba kimya, na unajaribu kuamua kama pumzi ya mwimbaji ikatwe au ibaki.

Kijitabu hutaja uwiano wa ishara kwa kelele, yaani ishara inavyoizidi kelele, tuseme desibeli 100. Watu hudhani 100 ya amplifaya moja ni sawa na 100 ya nyingine. Sivyo, maana uwiano huo kwa kawaida hupimwa amplifaya ikiwa kwenye nguvu zake zote. Fanya hivi: tafuta sauti kubwa kabisa ambayo amplifaya hiyo ingetoa kwenye spika yako, kisha toa uwiano huo. Amplifaya ya wati 100 kwenye spika ya unyeti wa 87 ingefika 107. Toa 100, kelele inabaki desibeli 7 ukiwa mita moja. Hutaisikia. Amplifaya ya wati 800 yenye uwiano huohuo wa 100 ingefika kama 116, na kelele yake ni desibeli 16. Kwenye chumba kimya sana hiyo huanza kusikika. Ndiyo maana naona wati nyingi za ziada ni hasara kwa mtu wa mezani: analipa zaidi ili apate kelele zaidi.

Lenga matokeo ya chini ya 10 kwenye hesabu hiyo. Kwa amplifaya ya wati 100, uwiano wa desibeli 100 au zaidi unatosha. Ukikuta namba imeandikwa "A" mwishoni, ujue imepimwa kwa kichujio kinachopunguza kelele za besi, kwa hiyo mngurumo wa umeme unaweza kuwa umejificha nyuma yake.

Halafu feni. Amplifaya nyingi za muziki wa jukwaani zina feni isiyozimika, na baadhi huvuma hata kabla hujapiga noti moja. Tafuta inayopoa kwa mabati ya hitisinki pekee, au yenye feni inayowaka kwa joto tu, ambayo kwa wati chache utakazotumia huenda isiwake kabisa. Wengine huiweka amplifaya chumba cha pili na kuvuta kebo ndefu za spika. Inafanya kazi, ila kebo lazima iwe nene.

Tano: ukuzaji na nobu

Amplifaya huzidisha volti zinazoingia kwa kiwango kimoja maalumu. Desibeli 26 ni mara 20, desibeli 32 ni mara 40. Kiwango cha kawaida cha vifaa vya studio ni +4 dBu, sawa na volti 1.23. Zizidishe mara 20 upate kama volti 24.6, ambazo kwenye ohmu 8 ni kama wati 76. Kadi nyingi za sauti zinaweza kutoa volti nyingi zaidi ya hapo, kwa hiyo amplifaya iliyo wazi kabisa itakulazimisha kuiweka nobu ya kadi chini karibu na sifuri. Huko chini ndiko nobu za kawaida hutofautiana zaidi kushoto na kulia, na ndiko mguso mdogo hubadilisha sauti kwa ghafla.

Tiba yake ni amplifaya yenye nobu zake za kupunguza ishara inapoingia, moja kwa kila chaneli. Zinazokwenda kwa hatua, zile zinazosikika "tik, tik" unapozungusha, ni bora: unazipanga sawa kushoto na kulia na zinabaki hivyo. Zishushe mpaka nobu ya kadi ikae katikati au juu kidogo kwa sauti yako ya kazi. Nobu hizo hupunguza pia kelele inayotoka kwenye kadi, ingawa ile inayozaliwa ndani ya amplifaya yenyewe kwa kawaida hubaki palepale. Kama amplifaya ina swichi ya kuchagua 26 au 32, weka 26.

Klasi AB au Klasi D (aina mbili za mzunguko wa ndani wa amplifaya)? Usipoteze usingizi hapo. AB ni nzito, hupata joto, na zilizotengenezwa vizuri ni kimya sana. D ni nyepesi, hutumia umeme kidogo, na za kisasa zilizo nzuri zimeshinda sifa mbaya ya zile za mwanzo. Tofauti ya kweli ni kwamba baadhi ya zile za bei ya chini hubadilika sauti ya juu kulingana na ohmu za spika, kwa sababu kichujio chao cha mwisho kiko nje ya mzunguko wa kujisahihisha. Kijitabu kikionyesha mchoro wa masafa kwa ohmu 4 na kwa ohmu 8 na mistari ikalingana, uko salama.

Sita: kusoma karatasi ya sifa bila kudanganywa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na PMPO ndiyo inayotembea kuliko zote: namba isiyo na kanuni yoyote ya kuipimia. Ukiiona, weka boksi chini. Unachotaka ni wati endelevu, ambazo wengi huziita RMS, kwa chaneli zote mbili zikifanya kazi pamoja, kwa ohmu za spika yako, kuanzia masafa ya 20 Hz hadi 20 kHz, na upotoshaji usiozidi asilimia 0.1. Amplifaya nyingi ndogo huandika wati zilizopimwa kwenye upotoshaji wa asilimia 10 kwa masafa ya 1 kHz tu. Kwenye asilimia 10 sauti imekwisha kuharibika waziwazi, na wati safi za kifaa hicho ni chache kuliko zilizotangazwa.

Kuna pia namba ya udhibiti wa wufa ("damping factor"), inayotajwa kama 200, 500 au elfu kadhaa. Ikiwa juu ya 50, endelea na mambo mengine. Kebo yako itaishusha hata hivyo.

Saba: aina gani ununue

Amplifaya ya nguvu iliyotengenezwa kwa ajili ya studio, yenye matundu ya XLR au jeki ya balansi (yenye nyaya mbili za ishara, kupunguza kelele za njiani), isiyo na feni, ya wati 50 hadi 150, ndiyo chaguo la moja kwa moja. Ukiipata ya mtumba katika hali nzuri, usizunguke tena.

Amplifaya ya muziki ya nyumbani, ile yenye nobu za besi na trebo, watu huidharau bila sababu. Iliyo nzuri huwa kimya na haina feni. Weka nobu za besi na trebo katikati, au bonyeza kitufe cha kuzipita kama kipo, zima "loudness", na umepata amplifaya ya monita. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida ina matundu ya RCA tu, na nobu yake ya volyumu huenda isilingane kushoto na kulia ikiwa chini.

Risiva ya sinema iache. Nyingi hugeuza ishara kuwa ya kidijitali na kuichakata kabla ya kuikuza, na wati zake mara nyingi zimepimwa chaneli mbili zikipiga na nyingine zimenyamaza. Amplifaya ya jukwaani ichukue kama unaipata karibu bure na uko tayari kushughulika na feni.

Vile viboksi vidogo vya Klasi D vinavyokaa kiganjani vinaweza kufaa kwa spika ya pili ya kukagulia. Ila vingi vyao, pamoja na baadhi ya vikubwa, huendesha kila spika kwa mfumo wa briji. Maana yake kishikizo cheusi nacho kinabeba ishara, kwa hiyo usiunganishe vishikizo vyeusi viwili pamoja wala kukigusisha kimoja na waya wa ethi. Na kama amplifaya yako ina swichi ya kuunganisha chaneli mbili kuwa moja, iache imezimwa: katika hali hiyo kila chaneli huona nusu tu ya ohmu za spika.

Nane: kebo

Kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5 ina ukinzani wa kama ohmu 0.014 kwa mita, kwenda na kurudi. Kwa mita 3 hiyo ni ohmu 0.04, kitu kidogo sana mbele ya ohmu 8. Ya milimita za mraba 1.5 pia inatosha kwa umbali huo. Hakikisha ni shaba tupu, maana kuna za alumini zilizopakwa shaba. Kushoto na kulia zitoshane urefu, nyekundu iende kwa nyekundu kwenye spika zote mbili. Ukizigeuza upande mmoja besi itapotea na sauti ya katikati itatawanyika chumba kizima.

Kutoka kadi ya sauti kwenda kwenye amplifaya tumia kebo ya balansi kama matundu yapo, na chomeka vifaa vyote kwenye soketi zilizo pamoja. Mngurumo ukitokea kwenye amplifaya yenye RCA, transfoma ndogo ya kutenganisha ishara huumaliza. Usikate waya wa ethi kwenye plagi ili kunyamazisha mngurumo. Waya huo ndio unaokukinga na shoti.

Tisa: kagua kabla hujachomeka spika zako

Hili ni la lazima kwa amplifaya ya mtumba, na halidhuru hata kwa mpya.

Washa amplifaya bila spika. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye volti za DC na pima kati ya chekundu na cheusi cha chaneli moja, kisha nyingine. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Ikipita 100 na isishuke baada ya dakika chache, mpelekee fundi, maana umeme huo wa moja kwa moja hupasha joto koili ya wufa bila kutoa sauti yoyote.

Unganisha spika ya bei ndogo usiyoionea huruma. Sikiliza inavyowaka: "tak" ya rilei (swichi ya ndani inayounganisha spika) sekunde chache baada ya kuwasha ni dalili njema, kishindo kikubwa si dalili njema. Zungusha nobu polepole. Ikikwaruza ina vumbi na husafishika. Chaneli ikipotea kwa sauti ndogo na kurudi ukiongeza, vidoti vya rilei vimechakaa. Mngurumo usiokoma hata ukichomoa kebo za kuingilia huwa mara nyingi ni kapasita zilizozeeka, na gharama hiyo iingize kwenye bei kabla ya kukubaliana.

Sasa ulinganifu wa chaneli. Piga toni ya 100 Hz, ileile kushoto na kulia, na pima volti za AC kwenye kila chaneli. Nachagua 100 Hz kwa sababu multimita za kawaida hukosea kwenye masafa ya juu. Kushoto ikisoma volti 1.00 na kulia 1.06, hiyo ni nusu desibeli, na sauti ya katikati itaanza kuvutwa upande mmoja. Rudia nobu ikiwa chini, katikati na juu. Kama tofauti iko chini pekee, panga mfumo wako ili usifanyie kazi huko.

Mwisho unganisha monita zako, washa kadi na kompyuta kwanza na amplifaya baadaye kabisa. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie. Usipige chochote. Kaa mahali pako pa kazi usikilize. Kama husikii kitu, anza kazi. Kama unasikia "sss", chomoa kebo zinazoingia kwenye amplifaya. Kelele ikiondoka, inatoka kwenye kadi au kwenye ethi, na nobu za amplifaya ukizishusha zitaipunguza. Ikibaki vilevile, ni ya amplifaya, na kama muda wa kurudisha mzigo dukani haujapita, irudishe.